Sufuria ya Risasi

Jumanne, 6 Februari 2024

Mdogo wangu Ikram katapika tena. Miaka miwili na nusu, tumbo limekaza, maneno hayaji. Zahanati wametupa dawa ya minyoo, mara ya tatu sasa. Mama anasema ni jicho la watu.

Mimi naiangalia sufuria. Kubwa yetu iliazimwa msibani mwezi wa kumi na moja, haikurudi. Mama akachukua ya baba — ile anayoyeyushia risasi za kuzamishia nyavu. Uji wa Ikram unapikwa humo. Niliisugua mwenyewe kwa majivu na mchanga, nikamwambia mama imetakata. Kidato cha Sita, mchepuo wa sayansi, nikasema imetakata!

Nimekwangua utando wa kijivu chini yake. Kesho maabara.

Jumatano, 7 Februari

Mwalimu Castory kaniruhusu baada ya vipindi. Nikauyeyusha utando kwa asidi ya naitriki, nikachuja. Sodiamu haidroksaidi: mashapo meupe, nikizidisha yanayeyuka. Amonia: meupe tena, nikizidisha hayaondoki. Basi si zinki. Mwalimu akacheka — sufuria ni ya alumini, umepima sufuria. Kweli, alumini nayo hufanya hivyo hivyo. Nilitaka iwe alumini. Sijawahi kulitaka jibu namna ile.

Nikadondosha potasiamu ayodaidi. Njano, kama kiini cha yai la kienyeji. Nikapasha moto, ikapotea. Ilipopoa ikarudi, vipande vidogo vinang'aa. Mwalimu akaacha kucheka. Risasi.

Inapendeza. Naichukia.

Alhamisi, 8 Februari

Nimemwambia baba: risasi ni sumu, ndiyo inayomtapisha Ikram na kumchelewesha kusema. Kasema babu aliyeyusha risasi miaka arobaini, akafa na meno yake yote. Kasema nyavu kuanzia Kibirizi hadi Ilagala zinazama kwa mkono wake, na shule nimesomeshwa na hiyo hiyo sumu.

Ila mama sufuria kaitoa jikoni, kaiweka uani. Afadhali.

Ijumaa, 9 Februari

Nimerudi kutoka shule, uani hakuna sufuria. Kaja kuiazima mama Mwinshehe, jirani, leo wana hitima. Mama anasema kunyima chombo cha hitima ni aibu. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia. Kanitazama. Si wewe uliyesema imetakata?

Nataka kuifuata. Baba kakalia kizingiti. Ananiuliza, taratibu kabisa, nikifika nitasema nini mbele za watu — kwamba kwetu, kwa baba yangu Sefu, wanagawa sumu?

Ng'ambo ya ukuta nawasikia wanapakua. Wakubwa wakishakula, ukoko wa chini hukwanguliwa wakapewa watoto.

Nimevaa kandambili. Baba hajanyanyuka.