Kidato cha Saba

Kwa dada yangu mkubwa,

Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na wapwa zangu wameacha kung'ata wageni. Mimi mzima. Hapa karakana wanasema nimenenepa, nami nawajibu kwamba ni ujuzi unatafuta pa kukaa.

Shule niliiacha darasa la sita, unajua, ulilia wewe badala yangu. Lakini hapa nimejifunza kitu ambacho hata yule mwalimu wako wa hesabu hakijui. Tumetoka nchi tofauti, na kila mtu ana namna yake ya kukubali kwamba jambo ni kweli. Kuna mzee mhunzi tunamwita Sikio. Anasema kwao chuma hakiaminiwi mpaka kiitike. Anakigonga kwa nyundo ndogo, macho kafumba, utadhani anasikiliza habari za nyumbani. Kuna na fundi rangi, mama mmoja asiye na maneno mengi. Kwao sikio ni la umbea. Yeye anataka kuona. Anapaka chaki upande mmoja wa kiungo, upande wa pili mafuta ya taa, kisha anakaa juu ya ndoo kusubiri. Chaki ikilowa, kiungo kina ufa. Nimewacheka wote wawili mpaka nikaambiwa nikachekee nje.

Wiki iliyopita tulikuwa tumemaliza ngazi ya zahanati, ya kupandishia wagonjwa ghorofani. Sikio akaigonga, akasema kidato cha saba kutoka chini kinalia kama sufuria iliyopasuka. Mama akapaka chaki yake, ikabaki kavu. Mzee akasema macho ya fundi rangi yamezoea kusamehe. Mama akamjibu kwamba masikio yake yalizibwa na nyundo kabla yeye mama hajazaliwa. Lakini hakuna aliyemwita mwenzake mwongo, dada. Mzee aliomba chaki akapaka mwenyewe, na mama akachukua nyundo, akalaza sikio kwenye chuma. Watu wazima wale, kila mmoja akijaribu kuamini kwa njia ya mwenziwe.

Msimamizi wetu naye ana ya kwao. Kwao jambo huwa kweli aliyelitenda akisimama mbele ya wenzake akalisema, na likishasemwa hivyo haliulizwi tena. Akatukusanya, akasema aliyeunganisha kidato kile anajua alichofanya, na ngazi haitoki mpaka aseme. Kisha akatungoja kama mtu asiye na haraka ya maisha.

Dada, ni mimi. Ile barua niliyokuandikia kwamba nimekuwa bingwa wa kuchomea, niliitia chumvi ndoo nzima. Siku ile nilikuwa nawahi mpira. Nilichomea juu juu, pengo nikalijaza gundi ngumu, nikapiga msasa likang'aa. Gundi ndiyo iliyozuia mafuta yasipite. Mzee alisikia sawa, mama aliona sawa, mwongo alikuwa mmoja tu.

Nikasimama nikasema yote, hata habari ya mpira. Nilishajiona nafunga mizigo. Hakuna aliyeniuliza swali la pili. Msimamizi alinipa msumeno, mama akanishikia taa, mzee akakikamata kidato kisicheze, nami nikakikata na kukichomea upya mpaka jasho likaniishia.

Jana tuliifunga ngazi zahanati, imechelewa siku tatu. Mgonjwa mmoja mwenye mkongojo aliitazama kwa mashaka, akamuuliza mzee kama ni imara. Sikio hakugusa nyundo. Alinielekezea kidevu, akamwambia aniulize mimi. Nikamwambia ndiyo, imara. Akakabidhi mkongojo wake kwa mama wa rangi, akashika chuma, akapanda.

Msalimie shemeji, wapwa uwafinye kidogo kwa niaba yangu. Mama yetu msomee barua hii yote, usiruke pale pa gundi.

Ni mimi mdogo wako msumbufu,
Domo