Nilimwambia Narudi Sasa Hivi

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la dawa,
S.L.P. 118.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, kitindamimba wetu? Shemeji naye hajambo? Natumaini magoti yako yamepoa na baridi ya huko imepungua makali. Huku tunazisukuma siku. Mimi natembelea mkongojo, na mzee wangu hasikii tena kwa sikio la kushoto, ingawa anayotaka kuyasikia huyasikia yote.

Mwanangu, Profesa wetu, ametimiza miaka arobaini na mmoja. Bado anawapigia pasi wateja wangu nguo ninazowashonea: kola kwanza, mikono, kisha mgongo, na ukimkatiza anaanza upya. Mwenye duka la dawa anasema hajapata kuvaa koti lililonyooka namna hiyo.

Nisikuzungushe zaidi. Mwezi wa nne nilifanyiwa upasuaji wa nyonga. Asubuhi ya kuondoka, Profesa aliuona mkoba wangu akaacha pasi, akauliza naenda wapi. Niliogopa angeanza kugonga kichwa ukutani. Nikamwambia, "Naenda dukani, mwanangu. Nisubiri getini, narudi sasa hivi." Nililazwa siku tisa.

Mtu mwenye usonji kama mwanangu hulishika neno kama lilivyotamkwa, na hakuna anayelijua hilo kunishinda mimi. Alisimama getini. Baba yake alimbembeleza, akamfokea, mwisho akamletea kiti na mwavuli. Kiti hakukikalia. Giza likiingia mzee alimvuta ndani kwa mkono, naye ana miaka sabini na sita. Kukipambazuka Profesa yuko nje tena. Siku ya tano mvua ilimnyeshea, homa ikampanda. Mimi sikuambiwa kitu, eti mshono wangu usije ukafumuka. Kwa kudanganyana nyumba hii hatujambo.

Niliporudi aliitazama mikono yangu iliyoshika mkongojo tu, akauliza, "Umenunua nini?"

Nililia pale pale getini, mbele ya dereva wa teksi.

Ndipo nilipokukumbuka wewe. Miaka kumi na miwili iliyopita, umekaa kwenye chumba changu cha cherehani, uliniambia: "Dada, mwambieni ukweli, anauweza. Mfundisheni kuishi na watu wengine." Nami nikakujibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilijua ni kidonda gani nakitonesha, na nilikusudia. Ulifunga mkoba wako, ukaaga kwa adabu, na tangu hapo ni salamu za simu tu. Nisamehe, mdogo wangu. Ulisema kweli, ndiyo maana nilikasirika. Nilitaka nionekane mimi peke yangu ninayemweza, na kwa kiburi hicho nimemnyima mwanangu watu.

Kuna jambo jingine, hata mzee wangu halijui. Mara nyingi nimemwomba Mungu amchukue Profesa kabla yangu. Kisha naamka, namwona ananyoosha mashati ya watu, na siwezi kumtazama usoni. Mama gani huomba dua kama hiyo?

Juma lililopita nilikaa naye kwenye meza ya pasi, nikamwambia ukweli. Kwamba baba na mimi tumezeeka. Kwamba siku moja tutakufa, hatutarudi, na asitusubiri getini. Alimaliza kola aliyokuwa nayo, akauliza, "Nitakaa na nani?"

Jina lako lilinifika mdomoni, nikalimeza. Kwake jina ni ahadi, na ya uongo nimeshampa moja. Nikamwambia, "Sijui. Nitauliza."

Basi ndiyo nauliza. Sisemi uhame kesho. Njoo ukae nasi mwezi mmoja, mzoeane tungali hai, ndipo uamue. Najua una maisha yako, na hasira zako nazistahili zote. Kama jibu ni hapana, andika hapana, usinipambie maneno. Nitamsomea kama lilivyo.

Nisalimie sana shemeji, na wifi yako mwenye maneno mengi. Mzee wangu anawasalimu. Ameisoma barua hii isipokuwa ukurasa wenye ile dua, huo nimeuficha. Mungu akutunze, mdogo wangu, akufungulie kila mlango, hata ukinikatalia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fundi