Kanuni ya Kuitikiwa

Same, Jumanne

Na bado nasema kanuni ile haifutwi. Programu yetu ya kuunganisha kompyuta za aina zote isitangaze "ujumbe umefika" mpaka kompyuta ya upande wa pili ijibu.

Mwenzangu Nakijwa aliifuta leo ili programu iende kasi. Kwenye kompyuta yake mambo yalikwenda vizuri. Kwenye zile za aina nyingine ujumbe ulikwama njiani, na skrini ikasema umefika. Na mteja wetu anainunulia zahanati ya Kisiwani, itakayoitumia kuita gari la wagonjwa.

Nikamwambia, "Wewe umekulia Msangeni. Baba yako alipofungulia maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, aliondoka kabla aliye shambani hajaitikia kwamba yamemfikia?"

"Asingethubutu, kaka. Lakini mteja wetu hanunui maji. Anataka kasi, na washindani wetu wa Dar wanampa kasi."

Nikafoka kuhusu soko huria, jinsi linavyotufundisha kuuza ahadi badala ya kazi. Nilisema mengi, na mengi yalikuwa kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, nairudisha. Ila tukimkosa huyu, mwingine hatuna."

Akairudisha, faili moja baada ya jingine.

Tangu shirika la umma lililotuajiri liuzwe na sisi tupunguzwe kazini, programu hii ndiyo riziki yetu. Mimi naishi peke yangu, na mahindi ya mama kule Lembeni yapo. Nakijwa ana watoto watatu, na shule sasa zinadai ada.

Kanuni ni sahihi. Ila mteja anakuja Alhamisi, na akituacha, si mimi nitakayeumia.