Cheti Anachokitaka Justus

Kangundo, Agosti 2009

Mjukuu wangu Wesley, mume wangu wa uzeeni,

Susu yako bado anapumua. Mvua ilitudanganya, lakini mbaazi zimejitahidi. Anayeniandikia ni dadako Kalondu. Akikohoa mkono unaruka, kwa hivyo usicheke mwandiko.

Jana Justus wa maabara ya hapa kwetu alikuja na jogoo. Amesikia ni wewe utakuja kuwakagua kabla maabara yao haijapewa cheti cha ubora. "Susu, mwambie asitukazie sana, sisi ni watu wa nyumbani." Jogoo nimemla. Sasa nisikize.

Kalondu wamempima mara tatu, wakasema taifodi. Akameza dawa, akazidi kukonda. Nikaenda mimi, mzima kama punda, nikawadanganya naumwa. Wakanitoa damu. Taifodi! Nikamuuliza Justus, "Hata mbuzi wangu nikimleta, ako nayo?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Hili Kalondu hakutaka kuliandika, ni vile nimemtolea macho: usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Jumatatu nampeleka Machakos apimwe kifua. Moyo wangu haukai.

Usiwafungie, Wesley. Wajawazito wa hapa watapimwa wapi? Wafundishe, rudi uwakague tena, hata wakuchukie. Lakini hicho cheti usikitie sahihi mpaka siku ile utakaa kwenye kiti chao, ukunje shati, uwape mkono wako mwenyewe watoe damu.

Ni mimi susu yako, mwenye mdomo na mapenzi,
Kavata