Jina la Mama Yake Bibi

Kasuku, Kindu, Septemba 1977

Kwako kaka yangu mpenzi Musafiri,

Salamu zangu zipande treni zikufikie huko Kibombo ukiwa mzima. Shemeji na watoto hawajambo? Mpunga umekubali mwaka huu? Sisi hapa tuna mafua tu, na Bibi Hawa bado anatugombeza, kwa hiyo mshukuru Mungu.

Kaka, nimeona jambo. Unajua Bibi hajawahi kuwa na kitambulisho. Zamani aliandikwa chini ya Babu, na Babu alipokufa akabaki bila karatasi. Safari hii akaapa hafi kabla hajapiga kura. Jana nikampeleka ofisini. Karani, sitwaye Mbusa, maana siku hizi sote ni masitwaye, raia, si mabwana tena, alimpokea kwa heshima, lakini akasema Hawa ni jina la kigeni. Sheria inataka jina la wahenga wa hapa, bila hilo hakuna kadi. Kwa kiburi chetu kile kile nikamjibu kwamba sisi ni waungwana, mama yake Bibi alikuwa Zaituni wa Unguja. Akacheka, akasema Unguja si Zaire. Nikawa tayari kuazima jina la jirani.

Bibi akanishika mkono, akasema, "Mama yangu njo Wabiwa, si Zaituni."

Zaituni ni jina alilopewa na watu wa msafara waliomkamata mtoni angali mtoto, huko kwa Walega. Unguja hakuiona hata siku moja. Alimnong'oneza Bibi jina lake la kweli, akamkataza kulitaja, tusije tukaitwa watumwa.

Mbusa aliandika polepole, kisha akaita: Wabiwa! Bibi akainuka na fimbo yake, akaitikia labeka, kwa niaba ya mama yake ambaye hakuna aliyemwita hivyo tangu pale mtoni. Mimi nililia waziwazi.

Najua utakasirika. Wakwe zako umewaambia sisi ni damu ya Unguja, nami kila Idi nawatambia mashoga zangu hivyo hivyo. Lakini siku ya kura jina hilo litaitwa mbele ya Kasuku nzima. Njoo ulisikie. Nami karani aliponiuliza niandikwe nani, sikusitasita.

Bibi anakusalimu, anasema usije bila mchele. Wapakate watoto kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako Riziki, ambaye kwenye kadi ni

Wabiwa