Siku Tuliyobadilisha Swichi ya Indiketa

Mpenzi Neema,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Mkuyuni hatujambo. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, na babu yako bado ananiita bibi harusi mbele ya wageni.

Umeuliza ni lini nilijua kwamba sikukosea kuolewa naye. Ilikuwa miaka ya tisini, wiki ya kwanza ya ndoa yetu. Gari lake lililotumika, kutoka Japani, lilikuwa limekufa indiketa na waipa. Wazazi wangu walitungoja Usagara mchana ule, na mvua ilikuwa inakuja. Akafungua usukani mwenyewe, akabadilisha swichi. Mimi nilichomeka kila skrubu kwenye kipande cha sabuni isipotee, huku nikiitazama mikono yake mizuri.

Kisha akaniomba nisimame mbele ya gari nitazame taa.

"Nimewasha kushoto," akasema.

"Inawaka ya kulia."

Akafungua tena, akachunguza waya, akafunga. Nikajibu vilevile.

"Mke wangu, kushoto unakujua?"

"Nimesoma hadi kidato cha nne. Wewe je?"

Niliogopa tutafika kwetu tumenuniana, mama atuone.

Ndipo akashuka, akaja kusimama ubavuni pangu, akaligeukia gari. Taa ilikuwa inawaka upande wa mkono wangu wa kulia, na sasa wa kwake pia. Alicheka hadi akashika boneti.

Angeweza kuendelea kubisha palepale kwenye kiti, Neema. Alikuja kutazama kutoka niliposimama mimi.

Nakukumbatia,
Bibi yako