Nguzo ya Kati Inakungoja

Mwanangu Zergaw,

Hatujambo, mvua zimepungua na ng'ombe mwekundu amezaa. Ile picha yako ya gazetini, umesimama mbele ya maktaba uliyowachorea watu wa Oslo, nimeibandika ukutani. Hakuna anayepewa kahawa kwangu kabla hajaitazama.

Juzi jirani yetu Wolela akaniambia, "Mama Zergaw, mwanao anasimamisha majumba Ulaya, na nyumba yako inatembelea mikongojo."

Nikamjibu, "Wako hajachora hata banda la kuku. Kunywa kahawa yako."

Lakini amesema kweli. Mchwa wameila nguzo ya kati na paa limeinama, vijana wameliegemeza kwa miti. Nguzo mpya imelala uani tangu Pasaka. Wanataka kuisimamisha, nimewakataza. Unajua kwetu mkono wa kwanza kuishika nguzo ni wa mzaliwa wa kwanza. Baba yako aliishika ile ya zamani. Siku tulipomzika hukuja, ukasema kazi, nami nikawaambia watu kazi.

Ramani ya nyumba mpya uliyonitumia ni nzuri, wazee wameisifu. Ila haina nguzo ya kati, mwanangu, sasa mgongo wangu nitauegemeza wapi?

Sikukuu ya Meskel inakaribia, watoto wa wenzangu wameanza kuingia kutoka Addis. Siagi ya kitfo yako, ile nyama ya kusaga, nimeshaiweka. Wolela ananisihi nikalale kwake, paa lisije likaniangukia. Nimekataa. Nikihamia kwa Wolela, wewe utafikia wapi?

Ni mimi mama yako, bado nimo ndani,
Bekelech